Wimbo ya Kupuliza Karbire

Kamina, siku ya posho

Mujukuu wangu Mwadi,

Nyumba muzima inakuambia jambo. Mama yako alipata samaki muzuri ya Bukama, akaipeleka ku soko, ikaisha yote. Miye niko muzima, ni magoti tu njo inanung'unika.

Unauliza juu ya nini karbire, ile ngozi ya nguvu yenye munapuliza na moto juu ya chuma kule ku Likasi, inabanduka, na pudre, unga yake, iko ileile.

Wakati nilikuwa kijana mu atelie ya treni, shefu yangu alikuwa pia mukubwa wa korale, waimbaji ya kanisa. Alitufundisha kutembeza pistole ya moto, yenye inatupa pudre ku chuma, kwa mwendo ya wimbo. Ukikawia, moto inaunguza karbire, inapasuka. Ukikimbia, pudre inafika bila kushika. Wimbo ya mwendo ya katikati njo ilikuwa saa yetu.

Siku moja pompi ya maji ya muji ilikufa, chuma yake ya ndani ililika, na pudre ilibakia kidogo. Asubuhi ileile bibi ya shefu alizaa, nyuma ya kungoja miaka mingi. Shefu akapuliza ile chuma ya pompi akiimba mbiombio. Tulipoigonga na nyundo, karbire ikaanguka kama maganda ya karanga. Akacheka, akanipa pistole:

«Kamata weye. Furaha yangu ya leo, chuma haiiweze.»

Niliimba kama kawaida. Mangaribi maji ikatoka.

Basi mwanangu, mbele ya kulaumu pudre, angalia mukono yako inakimbilia nini.

Na ule mutoto wa shefu mwenye aliharibisha kazi njo mama yako, mwenye baba yako alikuya kuoa. Mpaka leo anatukimbizaka siye bote.

Nkambo yako, baba ya baba yako