Pole ya Kwenye Kona

Jumapili, 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia na mashuka ya hospitali unayoyapiga pasi hayajakumaliza. Mimi mzima, ila situlii. Nikikaa kula, miguu inacheza chini ya meza mpaka wenzangu wanasogeza vikombe vyao. Chumba chetu cha kambini kina vitanda viwili na baiskeli mbili, na kupita katikati yake ni mchezo wa nne.

Kocha ametaja siku ya mchujo: tarehe ishirini Aprili. Mchezo wetu unaujua, unaogelea, ukitoka majini unarukia baiskeli, ukishuka unakimbia, kupumzika hakuna. Watatu wa mwanzo wanaingia timu ya taifa moja kwa moja. Nimeitafuta nafasi hii tangu nilipoacha kazi ya dukani ukaninunia mwezi mzima. Nikiikosa sijui nitarudi nyumbani na uso gani.

Njoo unitazame, mama. Nikikuona nitatulia.

Mwanao

Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu Kiguu na Njia,

Marahaba. Huku hatujambo, mgongo unanuna na kucheka kwa zamu.

Jirani wa chini kaniuliza uko wapi siku hizi. Nikamwambia uko kwenye maji, unajiandaa na mashindano. Akashika kiuno: "Yaani kaacha kazi, kasafiri mbali hivyo kwenda kuoga?" Nikamwambia kuogelea, si kuoga. Akasema tofauti haioni, wote wanatoka wamelowa. Nilicheka mpaka nikaunguza shuka la watu.

Mimi mambo ya michujo siyajui. Najua tu kwamba hujawahi kukaa kitako, hata kutembea ulitembea kabla ya kutambaa. Ruhusa kazini nimeshaomba. Nitakuja, nitasimama popote watakaponiweka. Ila majini sitatazama, moyo wangu hauwezi. Nitakungoja kwenye baiskeli.

Mama yako

Jumatatu, 22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai ulifika salama. Samahani niliondoka bila kukuaga, sikutaka kuonana na mtu.

Wa nne. Nimekuwa wa nne, mama. Nilitoka majini pamoja na wale watatu, tukaendesha bega kwa bega mpaka ile kona ya mteremkoni, barabara imelowa chapachapa. Hapo ndipo nikasikia sauti yako: "Pole! Pole, mama!" Wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli, ukikimbia nyuma yangu unapiga kelele polepole, polepole. Nikaisikia hiyohiyo. Nikashika breki. Wenzangu hawakushika, wakaniacha, na hata kwenye mbio sikuwapata tena.

Juni kuna mchujo wa pili, imebaki nafasi moja tu. Kwa nini ulisema vile? Nilikuomba uje unitulize, sikukuomba unipunguze mwendo.

Mwanao

Jumanne, 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipoimaliza nikashindwa kukaa. Nimezunguka chumba hiki mpaka jirani akagonga dari yake kwa fagio.

Polepole sikusema. Nilikuona unahema, uso umekukunjamana, mvua inakupiga, nikakupa pole kama mtu yeyote anavyompa mwenzake aliyechoka. Niliitoa mara mbili kwa sababu ya kwanza haikunitosha. Sikujua kwamba huko barabarani kwenu pole mbili zinageuka breki.

Mchujo wa pili sitakuja. Nitabaki na mashuka yangu, hayo hayana masikio. Wala usihangaike kunijibu, fanya mazoezi.

Mama yako

Jumapili, 16 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Mgongo haujambo? Uliniambia nisihangaike kujibu, na mimi kwa hasira zangu nikakutii. Siku zote huwa sikutii, nikachagua kutii hilo.

Nimepata nafasi. Ilikuwa jana, nimemaliza wa kwanza. Kona ilikuwa ileile, watu wamejaa mpaka ukingoni, na nilipoikaribia nikajikuta natega sikio. Wote walikuwa wanapiga kelele, kaza, kaza, twende! Nikapita bila kugusa breki.

Jioni kocha akatuwekea video za michujo yote miwili tujilinganishe. Ile ya Aprili akaisimamisha kwenye kona. Wewe uko pembeni, umeshika mwavuli uliopinduliwa na upepo, na mdomo wako umefumbwa. Vidole vyangu tayari viko kwenye breki. Ulipofungua mdomo wenzangu walikuwa wameshanipita. Niliogopa kona, mama. Niliogopa mwenyewe, ukaniona, ndipo ukanipa pole. Kocha aliendelea kueleza mambo ya mwendo, sikusikia hata neno.

Tangu jana mkono unaniuma kwa kushikwa. Kocha kanipa hongera, wenzangu wamenipa hongera, mlinzi wa getini kanipa mara mbili, kuingia na kutoka. Pole sijapewa na mtu. Nami nimechoka, mama, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nimeomba ruhusa. Ijumaa nakuja nyumbani kuifuata hiyo pole.

Mwanao