Bi Nyoosha, Aliyepima Mabega ya Watu

Binti yetu, mwaka umezunguka tangu ututoke pale wodini. Tuliambiwa tutazoea. Bado. Tumechoka tu.

Ulikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na katika ule utafiti wa kulinganisha tiba mpya na ya zamani ya mabega yaliyokakamaa kazi yako ilikuwa kupima. Mgonjwa anainua mkono kwa upande, wewe unaweka kipimapembe begani, mwenzako anasoma digrii. Mwenyewe hukutaka kuziona. Ulisema jicho lenye huruma huongeza. Wagonjwa walikuita Bi Nyoosha, na ukali wako waliusamehe kwa sababu ulisugua viganja vikapata moto kabla ya kuwagusa.

Bega la mama yako lilipokakamaa, alitaka umwingize kwenye utafiti. Ukakataa katakata. "Mama, nikikupima wewe pale, nimeharibu kazi ya wote." Ukawa unampima nyumbani, kwenye kiti cha jikoni, umetazama pembeni, kaka yako akisoma.

"Unainama, Mama. Hicho ni kiuno, si bega."

"Kwani si vyote vyangu?"

"Kaa wima, mama'angu."

Digrii zikapanda kila wiki, mama akajigamba kwa majirani. Siku moja ukamkuta amepanda kigoda ili aifikie kamba ya kuanikia nguo. Ukamgeukia kaka yako.

"Kaka, huwa unasoma nini pale?"

"Naongeza kidogo. Nilitaka Bi Mkubwa afurahi."

"Umempa mkono ambao hana! Angeacha mazoezi akidhani amepona!"

Ulimnunia mpaka chakula cha usiku, basi. Mkaanza upya, na safari hii mama akaufikisha mkono sikioni kwa haki. Ndipo ukaugua.

Tangu tukuzike, mama yako hakufanya zoezi hata moja. Nguvu za kuanza zingetoka wapi? Bega likafunga tena, na sasa nywele anachanwa na shangazi yako, ambaye naye ana haraka zake. Wenzako wameumaliza utafiti. Tiba mpya haikuishinda ya zamani, na wameandika hivyo hivyo bila kupamba.

Wiki iliyopita kaka yako alikuja na kipimapembe chako, hakuna aliyemtuma. Akamkalisha mama, akapima, akasoma kimoyomoyo.

"Sema ulichokiona," mama akamwambia.

"Digrii zimeshuka, Mama. Zimeshuka sana."

Hakuongeza hata moja. Wakalia wote wawili, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya pamoja tangu msibani. Kisha mama akaufuta uso, akainua mkono kwa upande mpaka ulipogoma, akaushusha, akauinua tena. Unauma vibaya. Kesho yake akauinua, na leo ameuinua.

Unakumbukwa na mama yako, baba yako, kaka yako, shangazi yako, na wagonjwa wako ambao hadi leo wanatusimamisha njiani kutupa pole.

Hujatutoka moyoni, wala hutatoka.