Ndoo Kwanza, Mtoto Baadaye

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Igoma hatujambo, kikohozi cha babu yako kimeisha. Unauliza kama kumlipa mwanamke akae nawe wakati wa kujifungua na baada yake ni kudeka, eti mimi nilizaa peke yangu.

Nani kasema? Dagaa ndio nilioanza kuuza peke yangu, sinia moja. Nilipomzaa mama yako kule Nansio, mkunga alifanya yake, na jirani yangu Nyamizi alinikanda mgongo tangu asubuhi mpaka jioni. Siku ya tatu nyumbani maziwa hayajatoka, mtoto analia, na wifi zangu waliokuja kumbeba mtoto wamekaa wanangoja niwapikie. Wanne, mpaka leo nawahesabu. Nyamizi akaweka ndoo mlangoni.

"Mawifi, ndoo kwanza, mtoto baadaye."

"Sisi ni wageni, dada."

"Mgeni ni huyu wa siku tatu."

Walikwenda ziwani wote. Nililala saa tano mfululizo, nikaamshwa na uji, na jioni maziwa yakatoka. Mimi nisingethubutu kuwaomba hata kikombe cha maji.

Mchukue huyo mwanamke. Nami nikifika Dodoma, usinipe mtoto kabla sijafua nepi.

Bibi yako,
Tabu