Fundo la Sukari

Mke mwenzangu Sekela,

Mama yako ndiye ameshika kalamu, mimi nasema. Nimemwonya asinipambe, maana atanisomea kabla ya kuituma. Na barua hii nataka isomwe na yeyote atakayeiona, hao wasichana watatu wa chumbani kwako huko chuoni wakiwa wa kwanza.

Majuzi kwenye simu uliniambia sindano zako unachomea chooni, ili wasijue unaumwa nini. Tangu hapo nimekaa kama niliyekalia siafu. Kama ni aibu, basi ngoja nikukumbushe tulikotoka, tuigawane.

Unakumbuka babu yako alivyokuita mke mdogo? Ulikuwa unamkalia mapajani, na mimi nakutukana kwamba umeninyang'anya mume na ugali hujui kusonga. Marehemu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha mwaka uliotimiza miaka kumi na mmoja ukaanza kukonda. Maji ulikunywa kama ng'ombe waliotoka Momba kwa miguu, huishi kwenda chooni, na sisimizi wanajaa pale ulipojisaidia. Majirani wakasema umerogwa. Na mimi nilisema, sikatai. Mama yako hakubishana na mtu. Alikubeba mgongoni, msichana mkubwa wewe, mpaka barabarani, mkapanda gari kwenda hospitali Vwawa.

Mkarudi na sindano na jina la ugonjwa: kisukari. Mimi shule sikuona hata mlango wake, lakini jina hilo nilijiona nimelielewa kuliko daktari. Kama ugonjwa ni wa sukari, si uifukuze sukari? Siku hiyohiyo nikakusanya mfuko wote wa sukari uliotoka Tunduma, asali, ndizi mbivu, hata miwa ya nyuma ya nyumba, nikagawa. Mama yako akaanza kunieleza alichoambiwa na nesi, nikamkata: "Hapa mama mkwe ni nani?" Akarudi jikoni. Kwetu mwanamke habishani na mama mkwe wake, na mimi heshima hiyo nilikuwa naifaidi.

Ikaja siku ya kuchuma kahawa, kwenye baridi ile ya Julai. Ulikuwa umechoma sindano asubuhi, uji ukauacha nusu ili uniwahi shambani tushindane kujaza ndoo. Ukanishinda, mshenzi wewe. Lakini kabla ya saa sita nikakuona unatetemeka, jasho linakutiririka kwenye baridi, unauamkia mti wa kahawa shikamoo ukidhani ni babu yako. Ukanishika gauni.

"Bibi, sukari."

Nikakujibu, "Hiyohiyo ndiyo inayokuua."

Miaka yote hii nilikuwa sijamwambia mtu kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Mama yako alikuwa mstari wa pili. Akaja mbio, hakuniomba radhi, akanisukuma, mimi mama mkwe wake, nikaketi ndani ya ndoo ya kahawa. Akafungua pindo la kanga yake, pale wenzake wanapofunga hela. Ndani kulikuwa na sukari. Alikuwa ameificha tangu siku niliyoigawa, anatembea nayo, analala nayo, kwa kuniogopa mimi. Akaikoroga kwenye kikombe cha maji akakunywesha taratibu, kwa kuwa bado ulikuwa unaweza kumeza. Tukakutazama. Macho yako yakarudi, ukanigeukia.

"Bibi, mbona umekalia kahawa?"

Nilicheka huku nalia, na ndoo imenibana, sitoki. Hapa mama yako ameacha kuandika, anacheka. Andika, wewe.

Siku ya kliniki nilikaa benchi la mbele. Nesi akaeleza kwamba sindano inashusha sukari mwilini, na mtu akichoma halafu asile vizuri, au akafanya kazi ngumu, inashuka kupita kiasi. Hapo sukari ndiyo inayomwokoa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena, mpaka foleni ikaguna. Akasema ugali uwe kiasi cha ngumi, nikamuuliza ngumi ya nani, maana ya babu yako ilikuwa kama kichwa cha ndama. Akasema ya kwako mwenyewe, Bibi. Huyo nesi nampenda mpaka leo.

Sasa sikia. Jumapili, baada ya ile simu yako, nilisimama mbele ya kina mama wa kanisa hapa Hasamba nikasema yote, na lile jibu langu nikalisema. Nikajua leo nimejivua nguo. Ndipo mama mmoja akasema polepole kwamba na yeye ana mume mwenye kisukari, anamfungia sukari kabatini, na ufunguo analala nao yeye. Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha mchungaji. Wakauliza maswali mpaka chai ikapoa. Ukija sasa, wenye wagonjwa wote pindo za kanga zao zina fundo. Ukimkumbatia mtu kanisani, unanata.

Kwa hiyo kanga yangu ya kijani inakuja kwa basi. Pindoni kuna fundo, nimelifunga mwenyewe. Usilifungue peke yako. Waite hao watatu, waonyeshe. Waambie wakikuona unatetemeka na kuuamkia ukuta, wakupe hiyo sukari. Na kama huwezi kumeza, wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Mimi nimesema mbele ya kanisa zima kwamba nilikaribia kukumaliza. Wewe kusema unaumwa mbele ya wasichana watatu kutakushinda nini?

Ukishawaambia nipigie, nizisikie na sauti zao. Simu iko kifuani. Na likizo uje, kahawa itakuwa imeiva, sina wa kunishinda.

Ni mimi, mke mkubwa,
Bibi yako.

Aliyeandika ni mama yako. Kunisukuma kule hajaniomba radhi mpaka leo, na asithubutu.