Ripoti Yenye Jina la Kombo

Jumapili, 9 Februari. Riyadh.
Nimeamka saa kumi na moja. Nimetandika kitanda, nimesugua sinki, nimepangusa kioo. Ndipo nikakumbuka hii ni hoteli. Miaka minane nilifanya kazi ya ndani mtaa huu huu wa Murabba. Mikono bado haijui kwamba siku hizi naitwa Mheshimiwa.

Wadi yetu haikuwahi kumchagua mwanamke, sembuse kadama, mtumishi wa ndani, aliyetoka Saudia. Waliponitangaza mshindi watu walilia. Mimi nilitaka kulala tu.

Tumekuja wajumbe watatu wa bunge la kaunti, kuwaona wasichana wetu waliokwama huku kazini. Jioni nilipita nyumba ya bosi wangu wa zamani. Dirisha la jikoni ni lile lile. Humo ndimo nilimokuwa napiga pasi kanzu siku mama yangu alipozikwa. Nimetazama. Sikuhisi kitu. Nikarudi.

Jumatatu, 10 Februari.
Kikao na maafisa wa Saudia. Mwenyekiti wa kamati yetu kasoma hotuba ndefu. Afisa mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kiarabu kama ni kweli yule mwanamke alikuwa mtumishi. Mkalimani hakuitafsiri. Nikajibu mwenyewe, kwa Kiarabu changu cha jikoni: ndiyo, na wali wa kabsa naupika vizuri. Wakacheka. Nami nikacheka. Chai ilikuwa nzuri.

Jumanne, 11 Februari.
Manfuha, mtaa mwingine wa Riyadh. Chumba kimoja, wanawake saba. Mmoja ni wa wadi yangu, Mwanaidi. Mamake alipanga foleni tangu alfajiri kunipigia kura.

Mwanaidi alimtoroka kafili wake, mwajiri mwenye kibali chake, mwaka jana. Mlango ulikuwa umefungwa, akaruka dirishani. Mguu wa kushoto anauburuta. Kafili ameshahamia Jeddah na pasipoti anayo yeye. Tena alimshtaki kuwa ni mtoro. Bila kafili kuyafuta mashtaka hayo, hakuna kwenda nyumbani.

Nimemuuliza wakala aliyemleta ni nani. Ametazama sakafu.

"Si ni Kombo, Mheshimiwa. Yule aliyekupigia kampeni."

Alipofungiwa alimpigia simu Kombo. Akampigia tena na tena. Kombo akaizuia namba yake.

Kombo alinichapishia mabango. Alinipa gari. Nilijua anasafirisha wasichana. Sikuwahi kumuuliza anawafikisha wapi.

Jina lake nimeliandika kwenye ripoti yetu ya ziara.

Jumatano, 12 Februari.
Mwenyekiti ameisoma rasimu. Anataka jina litoke. Tuseme "baadhi ya mawakala". Si mtu mbaya. Amechoka, ana presha, na Kombo ana watu. Nimekataa. Amesema basi hatatia sahihi. Mwenzetu wa tatu naye hatatia.

Adhuhuri Kombo kapiga simu. Nani kamwambia, sijui, wala sikuuliza. Sauti yake pole kabisa.

"Dada, bila mimi ungekuwa bado unaosha vyombo huko."

Kweli. Nikamwambia Mwanaidi anachechemea. Akasema hao wote husema hivyo. Nikakata.

Alhamisi, 13 Februari. Jeddah.
Wenzangu wamerudi nyumbani. Ripoti nimeituma bungeni na sahihi moja, yangu. Nimekuja huku peke yangu kumtafuta kafili wa Mwanaidi.

Kafili hakutaka kuniona. Mamake ndiye aliyenifungulia. Ajuza, magoti yanamsumbua. Amenikalisha jikoni, akanimiminia kahawa. Ameniuliza swali moja tu, kama yule binti ana mama. Nikasema anaye, kila siku yuko kwangu kuulizia. Akamwita mwanawe. Wamebishana ukumbini kitambo.

Mwanamume ametoka, ameweka pasipoti mezani. Ameshika simu, akafungua programu ya serikali, akafuta yale mashtaka na kutoa kibali cha kuondoka. Dakika chache. Mwaka mzima wa kujificha, dakika chache. "Halas," akasema, yaani yamekwisha.

Yeye sikumshukuru. Ajuza nimembusu mkono.

Ijumaa, 14 Februari.
Nimelala kutwa. Sijala.

Jumamosi, 15 Februari.
Nimempelekea Mwanaidi pasipoti Riyadh. Ameifungua akaitazama picha yake. Akasema hapa alikuwa mnene. Wale sita wengine wameniangalia. Nimeandika majina yao yote na ya makafili wao. Wawili kati yao, makafili wao wako Jeddah. Nitarudi huko kesho.

Jumatano, 19 Februari. Jeddah.
Makafili wote wawili wamekataa. Nitajaribu tena kesho.

Mwanaidi ameondoka asubuhi kurudi nyumbani. Saa nane mchana mamake kapiga simu. Alikuwa anapumua tu, na nyuma yake nikasikia watu wengi na sufuria za mapokezi. Nikamwacha apumue.

Kutoka bungeni, ujumbe mfupi. Nimetolewa kwenye kamati. Ripoti imepokelewa, haijapangiwa siku ya kusomwa. Kombo ana mgombea mwingine wa wadi yetu, kijana mzuri, naambiwa.

Nimekaa mkahawa mdogo mtaa wa Sharafiya, nimekula wali na samaki. Mwenye mkahawa ameona nimekaa sana. Ameniuliza kama natafuta kazi.

Nimemwambia kazi ninayo.

Ameniongezea chai.