Baba Yetu Chirau Mwero, Tuliyemnyamazisha Ngomeni

Umetimia mwaka, Baba, tangu ututoke, na ni leo tu tumepata uso wa kukuandikia.

Ulikata miwa Ramisi miaka ishirini na sita, na chai yako ukainywa bila sukari. Muhogo ukiiva, sahani ya kwanza ilikwenda kwa jirani. Hatuikumbuki siku uliyotufokea.

Kila mwaka ulichukua panga ukaenda kufyeka magugu kwenye ngome ya kale, bila kutumwa na mtu. Ndani ya kuta zile waliuawa watu kumi na tisa wa kijiji chetu, walioinuka kumpinga Mwingereza. Siku ya kuwakumbuka uliyataja majina yao kwa ghibu, na watu wakaitikia dua.

Mwaka jana, ulipomaliza jina la kumi na tisa, hukuketi.

"Mlango wa ngome haukuvunjwa," ulisema. "Ulifunguliwa kutoka ndani. Aliyeufungua ni Shutu, babu wa baba yangu. Aliahidiwa kwamba nyumba yake haitaguswa, na haikuguswa. Ndiyo sababu mimi nipo hapa."

Wakwe zetu walikuwa wameketi mbele. Mwanao Swabir akainuka, akakunyang'anya kipaza sauti.

"Tosha, Baba. Unatuaibisha."

Nasi wengine tukatazama chini. Ukasema tu, "Haya, mwanangu," ukatafuta pa kuketi. Hakuna kati yetu aliyekupisha.

Nyumbani tukakununia. Mama pekee ndiye aliyekula nawe. Siku ya tisa ukaanguka ukitawadha kwa sala ya adhuhuri. Tulikuomba radhi ukiwa umekwisha kuvishwa sanda.

Juma lililopita Swabir alisimama palepale. Aliyataja majina kwa kusoma karatasini, maana hatukuwahi kujifunza kwako. Kisha akamtaja Shutu, akasema uliyoyasema ni kweli, na kwamba yeye ndiye aliyekunyamazisha. Mzee Chome, ambaye mababu zake wawili waliuawa mle, akainuka na bakora yake. Tulidhani anaondoka.

"Baba yenu alikuja kwangu zamani, nyinyi mkiwa watoto," alisema. "Aliniomba radhi. Nikamwambia, mimi nimesamehe, lakini siku nyingine usije peke yako, njoo na wanao. Akanijibu, 'Bado wadogo. Wataona haya.'"

Baba, Swabir ana miaka hamsini na mmoja.

Tunaokukumbuka kwa mapenzi na kwa aibu: mkeo Mwanatumu, wanao Swabir, Hafsa na Luqman, wakaza wanao, mkweo na wajukuu zako wote, Msambweni.

Mola akurehemu, nasi atusamehe. Hutatutoka moyoni, Baba, maadamu tuko hai.