Kibuyu cha Mama Mmoja wa Jirani

Kigera, Musoma

Dada yangu Paulina,

Shikamoo dada. Goti linasemaje? Huku mvua zimeanza, na kila nikiamka nawaza, saa hizi Paulina kalifunga goti lake kitenge anachechemea kwenda zizini. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unajipaka au umempaka ng'ombe? Nakujua. Pamba imeotaje? Yule ng'ombe jike mwekundu amezaa? Mimi mwili ni mzima, chakula kinapita. Moyo ndio umenishikisha kalamu.

Usicheke mwandiko. Ningepiga simu, lakini simu yako unaiwekaga sauti kubwa mpaka kuku wanasikiliza. Haya nataka uyasome mwenyewe, kimyakimya. Aliyekuletea barua ni mwanangu Wegesa, unamwona hapo mbele yako na kibuyu amekipakata. Mpe kiti, mpe maji ya kunywa, yawe yamechemshwa. Halafu soma taratibu, usimwangalie kwanza.

Dada, unajua nilivyohama Mugeta baba yake alipofariki, nikaja kupanga chumba hapa ili Wegesa asome chuo cha afya, mambo ya maabara. Asubuhi nauza chapati na maziwa mgando kule Mwisenge. Jioni yeye anasoma kwa sauti, mimi nachekecha unga, nasikiliza. Huko kwao wanasomaga vijidudu ambavyo macho hayavioni. Nilikuwaga namuuliza, yeye anacheka ananieleza vizuri kabisa, anachora na kijiti cha mkaa sakafuni. Kwamba kijidudu kimoja ni kama mji. Nje kina ukuta. Nyuma ya ukuta kuna utando mwembamba unaochagua kipi kiingie kipi kitoke, kama wewe unavyokaaga mlangoni. Ndani ni ute ute, na humo ndimo zinakaa zile habari zote za kijidudu, atakuwa nani, atazaa nini. Mimi na wewe habari zetu zina chumba chao, kinaitwa kiini. Bakteria hana chumba. Vyake vyote vimelala sebuleni.

Nikamwambia, "Basi huyo ni kama sisi hapa Kigera, kitanda na jiko pamoja."

Akacheka mpaka akalala chini. "Mama, wewe ungefaulu!" Nilifurahi siku hiyo, dada. Nilijiona nasoma na mimi.

Kingine alichonifundisha ni rangi. Wanachukua vijidudu wanavipaka rangi ya zambarau. Halafu wanaviosha na spiriti. Wenye ukuta mnene wanabaki na zambarau yao, uoshe utakavyoosha. Wenye ukuta mwembamba wanaiachia, na wakipakwa rangi ya pili wanakuwa wa pinki, kama vile zambarau hawakuwahi kuivaa. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa kibuyu. Hili wewe unalijua kuliko mimi, lakini niache niliseme. Mama yetu alivyoolewa kutoka Butiama kuja Mugeta alibeba kibuyu chenye maziwa mgando kidogo chini, kutoka kibuyu cha mama yake, ya kugandishia mengine. Siku ulipoolewa wewe alikutilia kidogo kwenye kibuyu chako. Siku yangu mimi alikuwa anaumwa, akanitilia hivyohivyo, akasema usiache kiishe, ukiacha kiishe utakuwa umenizika kabla sijafa. Sikuacha. Hata Musoma nilikuja nimekipakata kwenye basi, mtu ananiuliza mama hicho ni kichanga? Kila nikimimina ya kuuza nabakiza chini, naongeza maziwa mengine, asubuhi yameganda. Wateja wa Mwisenge wananiambiaga maziwa yako yana kitu. Kitu chenyewe ndiyo hicho, cha bibi wa Butiama. Na Wegesa ndiye mwenye jina la bibi huyo. Kibuyu ni chake siku atakayoolewa, anajua toka mdogo.

Basi siku moja akaniambia, "Mama, naazima kibuyu. Kuna mwenzangu tumbo linamsumbua, nataka nikampe maziwa." Nikakijaza. Nikakifuta na kitambaa kisafi. Nikamwambia mwambie mwenzako pole.

Siku hiyohiyo akaniambia kesho yake chuoni kuna maonyesho lakini ni ya wanafunzi tu, wazazi hawaendi. Nikasema sawa. Asubuhi Mama Juma, jirani ambaye kijana wake anasoma hapo hapo, anagonga mlango kavaa gauni lake la kuendea harusini. "Wee Mama Wegesa, bado una kanga ya jikoni? Siku ya wazazi leo! Hujaambiwa?"

Nikasema nimeambiwa, nilisahau. Nilimdanganya, dada, nikaoga haraka nikavaa kile kitenge cha ndege. Nilijiambia mtoto kachanganya siku.

Chuoni kuna meza ndefu. Maji ya ziwa kwenye chupa. Kitambaa cha kufutia meza cha mama ntilie. Kucha za mwanafunzi. Kila kitu kina darubini yake, watu wanapanga mstari wanachungulia. Wegesa yuko mwisho wa meza na koti jeupe, limemkaa, nikasema moyoni laiti baba yake angemwona. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya Mama Juma, na Mama Juma unaweza kujificha nyuma yake na ng'ombe wawili.

Zamu yangu ikafika, nikachungulia. Paulina! Shanga. Shanga za zambarau zimeungana mistari mistari, kama zile tulizokuwaga tunavaa kiunoni. Na vijiti vidogo vya zambarau pembeni yake. Hapa na pale kidogo kuna cha pinki. Sikutaka kutoa jicho. Mwalimu wao, mwanamke kijana wanamwita madamu, akatueleza bila dharau: hawa wa zambarau ndio wanaogandisha maziwa, hawa wana kazi nzuri. Hawa wa pinki wachache wametoka kwenye mikono na kwenye maziwa mabichi, na kwenye maziwa mabichi kunaweza kujificha ugonjwa wa ng'ombe ukamlaza mtu na homa miezi. Mimi naitikia kwa kichwa, najifunza. Kisha akainua kibuyu kutoka chini ya meza ili watu waone yalikotoka.

Kile chenye ufa wa juu ulioshonwa na uzi wa katani. Aliushona mama kwa mkono wake.

Kimewekewa kikaratasi: MAZIWA YASIYO SALAMA.

Madamu akauliza, "Wegesa, hiki kibuyu ni cha nani?"

Na mwanangu akajibu, sauti imenyooka, "Ni cha mama mmoja wa jirani huko Kigera, madamu. Hawa wa zamani."

Kijana mmoja akasema, "Kumbe ndiyo wanatuuziaga hayo!" Watu wakacheka. Na Wegesa akacheka. Ningesamehe yale maneno, dada, lakini kile kicheko nilikiona mpaka meno ya nyuma.

Mama Juma akanigeukia mdomo wazi, akasogea. Ndipo Wegesa akaniona. Nadhani hata yule madamu aliona kitu, maana akaniambia kwa heshima, "Mama, una swali?"

Nikasema, "Sina swali mwalimu. Nilitaka tu kukiona kibuyu cha huyo mama."

Nikatoka. Mama Juma nyuma yangu anapiga kelele "Haki ya Mungu mimi wangu ningemvua hilo koti!" Nikamwomba anyamaze, nikaendelea kutembea. Nilipita Mwisenge sikumwona mtu.

Jioni Wegesa alirudi na kibuyu. Hakuingia, alisimama mlangoni. Akasema, "Mama, nilikuwa naificha biashara yako. Ningesema ni chako wangeacha kununua."

Inawezekana ni kweli. Nimelala nalo, nimeamka nalo, inawezekana. Lakini Paulina, anayekuficha hachekagi. Na tumbo la mwenzake je? Na kwamba wazazi hawaendi? Hilo nalo alikuwa analinda biashara? Nilimuuliza, akakiweka kibuyu chini. Nikamkumbusha zile rangi alizonifundisha. Nikamwambia nilidhani nimekupaka vizuri, mwanangu, toka tumboni. Kumbe kuoshwa mara moja tu na macho ya wenzako umeachia yote. Hapo akalia. Mimi sikulia, nilikuwa na chapati jikoni.

Ubaya zaidi tuliugundua baadaye. Kule maabara wana sheria, kila kilichotumika kinalowekwa kwenye dawa ya klorini mpaka kisibaki kitu hai. Kibuyu kilirudi cheupe ndani, kinanuka kama choo cha hospitali. Mimi kwa ujinga wangu nikasema ni harufu tu. Nikachukua kijinga cha moto nikakifukiza kama mama alivyotufundisha, nikasugua, nikafukiza tena, nikamimina maziwa. Nilisema kibuyu kinakumbuka, kitajua cha kufanya. Asubuhi maziwa yamekatika, maji huku na mabonge kule, yananuka kitambaa kibichi. Nikarudia. Yakanuka vilevile. Mwisho Wegesa akasema polepole, "Mama, usimwage maziwa mengine. Waliokuwa wanagandisha walikuwa wamekaa kwenye vitundu vya kibuyu. Wamekufa. Moshi hauwarudishi. Inabidi tupate mbegu."

Sisi tuna mbegu wapi? Ni wewe tu, dada. Ya mama iliyobaki duniani iko kwenye kibuyu chako hapo jikoni. Sasa nagandisha kwa maziwa mgando ya duka, wateja wanakunywa lakini hakuna anayeniambia yana kitu.

Na wewe nakuomba usibishe, chemsha maziwa kabla ya kuyatia kibuyuni, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie. Wale wa mama hawafi kwa hilo, Wegesa amenihakikishia, wanakufa tu ukiwatia kwenye ya moto. Hilo la ugonjwa wa ng'ombe nimeliamini. Ile homa ya shemeji ya mwaka ule iliyokuwa inaenda inarudi, na maungo yote yanauma, nani ajuaye? Alichosema madamu ni haki. Sikugombana na vijidudu mimi. Kama ni vya kwangu, angesema tu, "Ni vya mama yangu."

Kuja Mugeta ametaka mwenyewe. Alisema, "Nitaenda kwa mama mkubwa, nitaomba." Sikumtuma wala sikumzuia. Nimempa nauli na barua, na sikumwambia nimeandika nini.

Msalimie shemeji Magesa, mumeo, mwambie viazi alivyonitumia vilifika salama na nilivila peke yangu. Mkweo Rhobi mpe pole ya ujauzito, asinyanyue ndoo nzito, na asiguse maziwa mabichi huyo hata kidogo, tafadhali dada, simama naye. Mwanao wa mwisho Nyerembe mwambie wale samaki furu wakavu anaowapenda wamo kwenye mfuko, asimalize siku moja. Na mama mchungaji wetu mwambie aniombee, asiulize sababu.

Sasa dada, umefika hapa. Inua macho umwangalie. Amekonda kidogo, nimeona. Mwite shemeji, mwite Rhobi, waite na hao watoto wa jirani waliokuja kumwangalia mgeni, maana najua wamejaa mlangoni. Halafu mbele yao wote muulize swali lilelile aliloulizwa: hiki kibuyu ni cha nani?

Usimsaidie. Usimkonyeze. Najua una huruma kuliko mimi, lakini nakusihi. Mwache ajibu kwa mdomo wake.

Akisema mwenyewe ni cha mama yake, mtilie maziwa. Mtilie mengi, na umfungie kibuyu kifuani na kitenge asije akayamwaga kwenye basi. Akisema vingine, mpe chakula ashibe, mlaze salama, na kesho arudi nacho kitupu. Usinipigie simu kunieleza. Mimi nitakipokea mlangoni, nitakijua kwa uzito.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye Kigera nzima inamwita Mama Wegesa